Rauta Kwenye Kabati la Vyombo

Ujumbe wa kwanza ulimkuta Tereza akimenya viazi. Namba ngeni, maneno machache: "Nasikia Debora ameng'oka jino la mbele. Mwambie baba anampa hongera."

Jino lilikuwa limeng'oka asubuhi hiyo hiyo. Debora, mwanawe wa pekee, alilitupa juu ya bati kama watoto wote wanavyofanya, na hapo uani, mtaa wa Malangali, hapakuwa na mtu wa Tunduma walikotoka hata mmoja wa kulishuhudia. Tereza aliweka kisu chini, akaenda kufunga mlango, kisha akarudi tena kuhakikisha kama umefungwa kweli. Aliogopa, na hakuna haja ya kulizungusha neno hilo.

Baltazari, mumewe, hakutakiwa kuijua namba mpya ya Tereza. Hakutakiwa kujua hata kwamba wako Sumbawanga. Tereza alimkimbia kabla ya Krismasi, akatoka Tunduma na basi la alfajiri akiwa na mtoto, begi moja, kompyuta yake ya mkononi na rauta. Ndiyo, rauta. Mwanamke anakimbia kipigo, anaacha sufuria, anaacha vitenge vyake vyote, halafu anabeba kiboksi cheupe cha intaneti. Wa kucheka na acheke, lakini kiboksi hicho ndicho kilichokuwa kinamlisha. Alikuwa akitengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi kwa ajili ya duka moja la uchapaji mjini Sumbawanga. Picha na majina anatumiwa kwa mtandao, na kazi anairudisha kwa mtandao.

Tatizo ni kwamba rauta hiyo aliinunua Baltazari. Yeye ndiye aliyeifungua boksi, yeye ndiye aliyeipangia kila kitu, na alikuwa mtu wa kujigamba kwamba hata akiwa kazini kwake, kule mpakani, anaweza kuona nani ameingia kwenye waifai ya nyumbani kwake na anafanya nini. Wakati ule Tereza aliyaona maneno ya mwanaume anayejikweza. Sasa aliyakumbuka moja moja, na kila moja lilimchoma.

Wiki ileile ukaja ujumbe wa pili. "Mapazia ya kijani yanapendeza. Ila dirisha la chumbani linapitisha upepo, mtoto ataugua."

Tereza alikaa kitandani akayatazama mapazia yake. Kisha akayageukia yale mataa madogo ya rauta yanayowaka na kuzimika pale mezani, na kwa mara ya kwanza akaona yanamtazama. Akabandika plasta kwenye kamera ya kompyuta, akabandika nyingine kwenye simu. Akaanza kubadilisha nguo gizani. Debora alipoimba nyimbo za shule alimwambia aimbe polepole.

Angemwambia nani? Mara moja tu aliwahi kuwaeleza wazee wa ukoo, na wazee wakamrudisha kwa mumewe siku iliyofuata wakiwa wamevaa makoti yao ya sherehe. Tangu hapo alijifunza kufunga mdomo. Hata mama Avelina, mjane aliyempangisha chumba, mama mwenye huruma kuliko wengi, alimwambia tu kwamba yeye na baba Debora "walihitilafiana kidogo". Mama Avelina alitikisa kichwa akaendelea kupepeta ulezi wake. Hakuuliza zaidi, na Tereza alimpenda kwa hilo.

Jumatatu akaenda dukani kwa Calvin, karibu na soko. Calvin aliuza simu, chaja, spika na rauta, na alikuwa kijana wa maneno mengi lakini si mwongo.

"Dada Tereza, mbona unajitesa?" Calvin alimuuliza baada ya kusikia nusu ya habari, ile nusu iliyoweza kusemeka. "Chukua mpya. Unafungua boksi, unaweka laini, unachomeka, unafanya kazi. Hii hapa inakamata mpaka shambani."

"Na ndani yake kuna nini?"

"Ndani yake kuna intaneti," Calvin akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha. "Sikia, mimi mwenyewe sijui kuna nini. Inakuja imefungwa hivi hivi. Wapo wanaoweza kuingia kwa mbali kuifanyia matengenezo, hilo najua. Lakini nani akuingilie wewe, dada yangu? Watu wanaangalia mpira tu."

Tereza aliigeuza ile boksi mkononi. Ilikuwa nzuri, nyepesi, imechorwa familia inayocheka. Angeichukua siku hiyo angekuwa amemaliza shida yake kabla ya mvua ya mchana, na kazi za harusi za baada ya Pasaka zilikuwa zimeshaanza kujazana. Lakini alikuwa amekwisha kuishi na kitu kizuri kilichofungwa ambacho mwingine ndiye aliyekuwa na funguo zake. Alichotaka sasa ni kitu ambacho atakijua chote, mpaka skrubu ya mwisho.

"Nikiunda ya kwangu?" akauliza.

"Rauta? Ya kuunda?" Calvin alijikuna kichwa. "Inawezekana. Kompyuta yoyote kuukuu inafaa. Unaichomekea modemu upande mmoja na antena ya waifai upande mwingine, unaweka programu ya bure, basi, imeshakuwa rauta. Ila ujue inakula umeme, inapiga kelele, na ikikorofisha hakuna wa kumpigia simu. Ukikosea mwenyewe, unaumia mwenyewe."

"Nimeshaumia kwa makosa ya wengine," Tereza akasema. "Nipe modemu na antena."

Duka la uchapaji lilikuwa na kompyuta iliyotupwa stoo, na walifurahi kuondolewa takataka. Tereza aliifungua kwenye mkeka, akatoa vumbi na ukoo mzima wa mende, akaipangusa kwa brashi ya viatu. Hakuwa fundi, alikuwa mtu wa kadi za harusi tu. Alisoma maelekezo mtandaoni pale pale dukani kwa Calvin, akayarudia, akakosea, akafuta, akaanza upya. Mara mbili mashine iliwaka ikakataa kutoa hata chembe ya mtandao, na mara zote mbili alilia kwa hasira kisha akapangusa macho. Jambo moja lilimfurahisha kuliko yote: programu ile mwanzoni ilifunga kila mlango. Hakuna kilichoingia, hakuna kilichotoka, mpaka yeye mwenyewe aruhusu. Aliruhusu kompyuta yake na simu yake. Basi. Rauta ya Baltazari aliivunja kwa jiwe la kusagia, akaitupa shimo la taka.

Usiku huo alilala usingizi wa mtu mzima. Alhamisi na Ijumaa simu haikuleta ujumbe wowote wa ajabu. Debora aliimba kwa sauti, akaachwa aimbe.

Jumamosi asubuhi mvua ilinyesha kwa nguvu na bati likaanza kuvuja juu ya meza, pale pale mashine ilipokaa. Mama Avelina alikuja mbio na beseni. Wakasaidiana, mama akishika nyaya na Tereza akibeba kompyuta, wakaiingiza kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sufuria kubwa.

"Ndiyo hii uliyoiunda wewe?" mama Avelina akauliza, akiitazama kwa heshima.

"Ndiyo hii, mama. Sasa hakuna mtu anayeweza kuniona."

Mama alitabasamu, akarudi upande wake kuchagua maharage. Mvua ikakatika. Tereza alikuwa amechora nusu ya ua la kadi ya harusi ya watu wa Mwimbi pale simu ilipolia mezani.

"Mke wangu, kabatini nyuma ya sufuria si mahali pa kuweka mashine. Itaungua kwa joto."

Alisoma mara ya kwanza akasimama. Alisoma mara ya pili akakaa. Akatazama kabati, akatazama dirisha, akatazama juu kwenye bati. Kisha, kwa sababu alikuwa ameiunda mashine ile kwa mikono yake na alijua kila mlango wake, kitu fulani kichwani kikatulia, na huko kutulia kukamtisha zaidi. Mashine haikuwa na jicho. Simu yake ilikuwa na plasta. Neno "kabati" hakuliandika popote. Debora alikuwa ametumwa dukani kabla ya mvua, hakuwapo walipoihamisha. Mle chumbani walikuwa watu wawili tu.

Alitoka nje polepole. Mama Avelina alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo wa maharage mapajani, na pembeni yake ile simu yake ya kitochi iliyofungwa kwa mpira wa manati. Simu isiyo na kamera, isiyo na waifai, isiyo na kitu.

"Mama," Tereza akasema. "Unaongea na Baltazari?"

"Naongea naye, mwanangu," mama Avelina akajibu, bila hata kustuka. "Namba alinipa Debora, anaijua kwa kichwa. Mtoto anamlilia baba yake, na wewe umenyamaza. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, nikaona nisiache Kwaresima ipite nyumba yangu ina ndoa iliyovunjika. Kijana mstaarabu sana yule. Ananiita mama. Analia kwenye simu."

"Na mashine?"

"Ameniuliza kazi zako zinaendeleaje, nikamwambia umeihamishia kabatini kwa sababu ya mvua. Nimekosea nini?" Akainua macho, akatabasamu kwa upole wa kweli. "Sikutaka kukwambia mapema ukakimbia. Leo jumuiya inakaa hapa kwangu, mtasikilizwa wote wawili, Pasaka mtakula pamoja. Ametoka Tunduma asubuhi."

Hasira ilimjaa Tereza, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko hasira. Siku zote hizo alikuwa anaziba milango ya umeme, na huyu hapa, mama wa watu, amemfungulia Baltazari mlango wa mbao na kumwekea kiti. Na kibaya zaidi, hakuweza hata kumchukia, maana ni yeye mwenyewe aliyemwambia walihitilafiana kidogo.

Aligeuka, akainua blauzi mpaka mabegani.

Alama ilikuwa pale mgongoni, pana chini, imechongoka juu, na hata vile vitundu vya kutolea mvuke vilionekana vyote. Mtu yeyote aliyewahi kunyoosha nguo asingehitaji kuelezwa ni nini.

"Aliichomeka akasubiri ipate moto, mama," Tereza akasema akiwa amempa mgongo. "Debora alikuwa ameshika mlango. Alimwambia aushike."

Nyuma yake akasikia maharage yakimwagika chini.

Kitochi kikalia. Mama Avelina alikitazama kama nyoka aliyemkuta jikoni. Alipokipokea, sauti ya Baltazari ilitoka nyembamba lakini safi, na Tereza aliisikia yote: "Shikamoo mama. Nimeshafika stendi, nimepata bodaboda. Umesema Malangali, napita kanisa, halafu?"

"Halafu utauliza," mama Avelina akasema, akakata.

Akainuka. Hakuomba msamaha; hapakuwa na nafasi. Alimwita Debora aliyekuwa anacheza kwenye tope, akamvisha sweta lake mwenyewe, likamfika magotini. Tereza aliingia ndani akachukua kompyuta ya mkononi na vyeti, akaiacha mashine ikiunguruma kabatini. Alipotoka, mama alikuwa ameshafungua geti dogo la nyuma, lile la kutokea shambani, ambako mahindi yalikuwa yamempita mtu kimo.

"Fuata mfereji," mama Avelina akasema. "Utatokea barabara ya chini. Panda gari lolote linalokwenda popote."

"Nitakwenda kwa—"

"Usiniambie." Mama aliunyanyua mkono kumzuia. "Usiniambie mnakwenda wapi. Mimi sijui kusema uongo, mwanangu. Nikijua, atanifanya niseme."

Waliingia kwenye mahindi. Majani yaliwamwagia maji ya mvua na tope likawashika viatu, na Tereza alimvuta mtoto kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Hawakuwa wamefika mbali bodaboda iliponguruma barabarani, ikapunguza, ikasimama. Tereza alichuchumaa, akamkumbatia Debora, akamziba mdomo kwa kiganja. Mtoto hakujitoa. Alikuwa ameshazoea.

"Shikamoo mama," sauti ile ilisema, ya heshima, ya kijana mstaarabu.

"Marahaba. Karibu, baba."

"Asante. Wako wapi watu wangu?"

Tereza alisikia moyo wake mwenyewe, na moyo wa mtoto ukigonga kwenye mkono wake.

"Wametoka," mama Avelina akasema. "Na walikokwenda sikujui."

Tereza alisubiri mpaka aliposikia kigoda kikivutwa na mgeni akikaa. Kisha akainuka, akamshika Debora mkono, wakaufuata mfereji.