Sababu za Nelle za Kwenda Utrecht

Nelle alikuwa anasubiri kung'olewa jino siku aliyomwona binti yake. Hakumwona mlangoni wala dirishani. Alimwona kwenye kijitabu cha watalii, pale mezani kwa daktari wa meno, katikati ya magazeti ya bustani na ya magari. Jalada lilisema: Sababu Tisa za Kwenda Utrecht kwa Siku Moja. Alikifungua kwa kuwa jino lilimuuma na mikono ilitaka kazi. Sababu ya kwanza ilikuwa mnara, ya pili maghala ya kale kando ya mfereji, ya tatu soko la vitambaa la kila Jumamosi. Ya nne ilikuwa safari ya mashua. Kwenye picha, mkono kwenye usukani, nywele kazipunguza kama askari, alisimama Leuntje.

Nelle hakuwahi kuiba hata pini. Kijitabu kile alikitia mkobani, na alipoitwa ndani akaingia akiwa amekikumbatia, jino likang'olewa, naye hakujua hata limetoka saa ngapi.

Miaka sita ilikuwa imepita. Leuntje alikuwa na miaka ishirini wakati ule. Jumapili moja, baada ya ibada ya asubuhi na kabla ya ibada ya mchana, alisema mezani kwamba yeye haendi tena, haamini tena, na hataki kudanganya watu kwa kukaa kwenye benchi na kofia kichwani. Baba yake, Krijn, aliweka uma chini akasema, "Basi meza hii haina kiti chako." Nelle alikuwa anapakua viazi. Aliendelea kupakua. Hilo ndilo lililokuja kumla baadaye, si maneno ya mumewe, bali kile kijiko kilichokwenda na kurudi kama vile hakuna lililosemwa. Leuntje aliondoka jioni ile na begi moja. Kila mwezi wa Machi ilikuja kadi ya kumtakia mama yake heri ya kuzaliwa, na kila mwezi wa Machi Nelle aliificha chini ya mashuka, asijibu. Krijn hakukataza kujibu. Hakukuwa na haja ya kukataza. Katika kijiji kile cha kisiwa cha Tholen, mtu alijua la kufanya kabla hajaambiwa.

Ijumaa jioni, Krijn aliporudi kutoka shamba la vitunguu na kunawa, Nelle alimwekea kahawa akasema, "Kesho nakwenda Utrecht."

Krijn alikoroga kahawa. "Utrecht kuna nini?"

"Kuna mnara."

"Mnara hata hapa upo. Unauona ukiwa kitandani."

"Kule kuna mifereji."

"Mama, umezungukwa na maji pande zote nne, unataka kupanda treni ukaangalie mfereji?"

"Kuna soko la vitambaa. La miaka mingi sana."

"Kabati lako la vitambaa halifungi. Juzi vitambaa viliniangukia mguuni."

"Na chapati tamu za sahani nzima, wanauza kwenye maghala ya chini, mtu anakula miguu inagusa maji."

Krijn alimtazama. Walikuwa wameoana miaka thelathini na minne, na kwa miaka hiyo yote alimwita Mama naye akamwita Baba, hata siku hizi ambazo nyumba haikuwa na mtoto. "Mama," alisema taratibu, "nani yuko Utrecht?"

Nelle alitoa kijitabu, akakifungua pale pa sababu ya nne, akakiweka mbele yake. Krijn alikitazama kwa muda mrefu kuliko mtu asiyejali. Kisha akakigeuza kifudifudi.

"Kesho saa kumi na mbili jioni mlango nafunga," alisema. "Jumamosi ni siku ya kujiandaa na siku ya Bwana, si ya kuzurura."

"Funga," alisema Nelle. "Mikono ni yako."

Asubuhi alivaa koti lake la rangi ya majivu na viatu vya kutembelea. Kofia ya kanisani aliiacha kwenye msumari wake. Kwenye mkoba alitia vikate sita vya mdalasini, vile vya kunatanata alivyovioka usiku huohuo baada ya mumewe kulala, maana mtoto hatembelewi mikono mitupu. Kituoni alimkuta Jacomina, jirani ambaye habari za kijiji zilipita kwake kwanza kama maji yapitavyo kwenye lango la mfereji.

"Ee Nelle! Mapema hivi? Kuna mgonjwa?"

"Hakuna."

"Kuna msiba?"

"Wote wazima."

"Sasa unaenda wapi?"

"Utrecht. Natembea."

Jacomina akacheka, akidhani anataniwa. "Peke yako? Na Krijn atakula nini mchana?"

"Ana mikono miwili na mkate upo mezani. Akishindwa, si upo wewe?"

Basi likaja. Nelle alipanda akakaa dirishani, moyo unadunda hata akaona aibu mbele ya dereva. Ujasiri wote ule ulikuwa wa mdomoni. Bergen op Zoom akashuka, akapanda treni, Roosendaal akabadilisha, mahali pengine akabadilisha tena, akakosea jukwaa, akaulizia. Mara mbili aliwaza kurudi. Kilichomzuia hakikuwa ushujaa. Alimfikiria Jacomina pale kituoni, atakavyomwona anashuka kabla ya saa tano, amenywea kama kuku wa mvua. Akajisemea, bora nife huku.

Utrecht ilimpokea kwa watu na baiskeli. Aliupita mnara bila kuutazama. Akashuka ngazi za matofali hadi ukingoni mwa mfereji wa zamani, chini kabisa ya barabara, penye maghala yaliyogeuzwa mikahawa, akafuata mashua moja baada ya nyingine hadi alipoisikia ile sauti. Sauti haikuwa imebadilika hata kidogo.

"Wawili huku, bwana, la sivyo tutainama upande mmoja. Mtoto asimame? Hapana, mama, mtoto akae. Madaraja yetu hayaombi radhi."

Nelle alilipa tiketi kwa kijana wa kibandani, akashuka na watalii wengine, akakaa benchi la mbele kabisa. Leuntje alikuwa anafungua kamba. Alipoinua uso, wakatazamana.

Mkono wa Leuntje ulisimama kwenye kamba. Kisha akaivuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akawasha mota, akaondoka. Akaanza maelezo yake, macho kayakaza juu ya kichwa cha mama yake.

Aliwaonyesha maghala. Aliwaambia wainame, wakainama. Mnara ulipotokeza juu ya paa za nyumba, akasema, "Mnara ule zamani ulikuwa umeshikana na kanisa. Mwaka elfu moja mia sita sabini na nne ikapiga dhoruba moja, ya muda mfupi tu, ikaangusha sehemu ya katikati. Mnara ukabaki huku, kanisa likabaki kule. Katikati hewa."

"Na hawakujenga tena?" aliuliza mzee mmoja mwenye kofia ya jua.

"Hawakujenga. Hata mawe hawakuyaondoa. Yalikaa palepale yalipoangukia, miaka mia moja na hamsini. Watu wakawa wanapita kando."

"Miaka yote hiyo," alisema Nelle, kwa lafudhi ya kwao, kwa sauti ambayo mashua nzima iliisikia, "hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuinama akaokota?"

Sasa Leuntje alimtazama. "Kila mtu alisema si kazi yake, mama. Wengine walikuwa na shughuli. Walikuwa wanapakua viazi."

Yule mzee wa kofia akacheka, akidhani ni mzaha wa wenyeji. Nelle hakuinamisha macho. Neno lilimchoma, likamfikia pale lilipotumwa, naye akaliacha likae. Alikuwa amesafiri kilomita zote zile ili asikie jambo kama hilo.

Mashua iliporudi gatini, watu wakashuka, na Nelle hakushuka. Leuntje alifunga kamba, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Umetumwa?"

"Nani wa kunituma mimi?"

"Baba anajua?"

"Anajua. Kasema saa kumi na mbili anafunga mlango."

"Na bado umekuja."

"Nimekuja."

"Miaka sita, mama. Kadi sita. Nilikuwa nasema labda posta imezipoteza, labda wamehama. Wamehama! Watu ambao hawajawahi kuhamisha hata kiti." Sauti ikamkatika, akakasirika kwamba imekatika. "Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa mwoga," alisema Nelle. "Ningekuwa na neno zuri zaidi ningekuletea. Sina. Siku ile ningemmwagia baba yako viazi kichwani, ningekuwa mama. Sikufanya. Nitukane, nimekaa."

Tusi lililokuwa tayari kwa miaka sita lilikosa pa kutua. Leuntje akaketi benchi la pili, akajipangusa pua kwa mkono wa shati.

"Mkobani mna nini? Nasikia mdalasini."

Vikate vilikuwa vimebondeka, sita vimekuwa bonge moja. Walivibandua kwa vidole. Leuntje akala vitatu bila kupumzika, sukari imemkaa kidevuni, na Nelle akamtazama kama mtu anayehesabu mbavu. Alimwambia kwamba nywele zile hazimpendezi. Leuntje akasema hakuulizwa. Nelle akasema kweli, hakuulizwa. Wakacheka wote wawili, kicheko kifupi, cha watu wasiojua kama wameshapewa ruhusa.

Mashua tupu ilipaswa kupelekwa gati la juu kabla ya safari ya saa nane. "Sogea," alisema Nelle. "Nimeendesha trekta wewe ukiwa tumboni."

"Mama, hairuhusiwi."

"Leo nimeshafanya mangapi yasiyoruhusiwa?"

Akashika usukani. Chini ya daraja la kwanza aligonga ukuta, si sana, ila watu waliokuwa wanakula ukingoni walipiga makofi, naye akawapungia mkono kama malkia. Binti yake alicheka hadi akashika tumbo. Kisha, bila kuacha kucheka vizuri, akaanza kulia, na Nelle hakuweza kumshika kwa kuwa daraja la pili lilikuwa linakuja.

Saa tisa na nusu Leuntje alimsindikiza kituoni. Alimwambia kuhusu Wouter, mpishi, ambaye anakaa naye bila ndoa. Alilisema kwa kidevu juu, akingoja. Nelle akauliza kama anapika viazi vizuri.

"Lala hapa, mama," alisema Leuntje kwenye jukwaa. "Atakufungia nje. Kesho Jumapili, hata basi hamna."

"Narudi. Nyumba ile ni yangu sawa na yake. Nikikimbia na mimi, nani atabaki kukufungulia mlango?"

Alishuka kituo cha kijijini saa mbili ya jioni, jua la Juni bado liko juu ya tuta la bahari. Mapazia ya Jacomina yalicheza. Nelle alijua mlango wa nyuma una komeo bovu. Ungefunguka kwa kusukumwa na goti. Hakwenda nyuma. Alisimama mlango wa mbele, mbele ya barabara nzima, akakuta umefungwa kweli. Akabisha kwa ngumi.

"Krijn! Nimerudi!" Jina lake, si Baba. Mtaa ulisikia.

Akabisha tena. Ufunguo ukageuka.

Ndani alikuwemo Marinus, mzee wa kanisa, na suti nyeusi na kikombe cha kahawa ambacho hakikunywewa. Alisimama. "Dada Nelle, tumepata habari za kusikitisha—"

"Habari gani? Nilikwenda kumwona mtoto wangu, Leuntje. Anaendesha mashua Utrecht, anafanya kazi hata Jumapili, anaishi na mwanamume hajaolewa, na ana afya. Yaandike yote, usije ukayasahau njiani. Mwezi ujao nakwenda tena."

"Baraza litataka kuzungumza na wewe."

"Siku nitakayokuwa nyumbani, karibuni. Nitawapikia kahawa."

Marinus alimtazama Krijn, akingoja mume aseme neno. Krijn alikuwa anatazama meza. Mwishowe yule mzee akachukua kofia yake akatoka, na Nelle akamfungia mlango taratibu, kwa adabu.

Alivua viatu. Miguu ilikuwa imevimba. Aliketi, akajikatia mkate, akala bila kumngoja mumewe aombe kwanza. Saa ya ukutani ilipiga robo. Krijn alivuta kiti upande wa pili, mikono yake mikubwa yenye udongo wa vitunguu kwenye kucha ikatafuta pa kukaa.

"Amekonda?" aliuliza.

Nelle alitafuna hadi akameza.

"Treni ipo kila nusu saa," alisema. "Nenda ukamtazame mwenyewe."