Koma Zilizomkata Mulei

Mulei aliingia ofisi ya mradi wa maji, pale Ruiru, bila kubisha. Milango ya wakubwa hakuwa anaibishia, wakishashiba hawasikii.

"Mtaro wa bomba umepita kwangu bila hata salamu," akasema. "Njau jirani yangu amewekewa mfereji, anafungulia maji uani. Mimi mmeniruka. Mmeniona shetani?"

Meneja Maina akajikuna shingo. "Tabby, hebu angalia."

Tabby, karani, akafungua faili ya wateja kwenye kompyuta, kisha akaziba mdomo asicheke. "Pole mzee. Hapa namba yako ya simu ni 'ukipita kwa Njau'. Na penye aina ya mteja, nyumba ama duka, umeandikwa 'kaburi la Katunge'."

"Na kaburi haliwekewi maji," Maina akasema, kama mtu ameshinda kesi.

Mulei akamtazama vile mtu hutazama mbuzi akitafuna shuka iliyoanikwa kambani. Katunge alikuwa mke wake. Alibeba mitungi ya maji tangu wakipanga chumba Kiandutu hadi wakajenga Theta, akafa mgongo umepinda, na kila uchaguzi wakubwa walikuwa wakimwahidi mfereji. Vijana wa kuandikisha walipouliza anakaa wapi, Mulei aliwaelekeza kama watu wa huko wanavyoelekezana: Theta, ukipita kwa Njau, kaburi la Katunge, mkono wa kulia. Yeye nani anamjua? Katunge alijulikana na wote.

"Ni hizi koma," Tabby akaeleza. "Kompyuta imeambiwa kila ikiona koma ikate, ihamie safu inayofuata. Maelekezo yako yamemwagika mpaka kwa safu zisizo zake."

"Rahisi," Maina akasema. "Futa hayo yote, andika Theta. Kaburi la nini kwa faili ya maji?"

"Anza kufuta jina lako hapo mlangoni," Mulei akamjibu. " Katunge mlimfuta akiwa hai. Hapo kwa faili hatoki."

"Hakuna haja ya kufuta," Tabby akaingilia. "Vijana walifunga maelekezo ndani ya alama za kunukuu. Kuna setingi ya kuambia kompyuta koma ikiwa ndani ya hizo alama, isikate. Mtu aliizima."

"Mtu gani?" Mulei akauliza.

Tabby akatazama dirisha. Maina akakohoa. "Nilikuwa najaribu tu kuona inafanya nini."

"Haya, umeona."

Tabby akaiwasha, akaisomesha kompyuta faili upya. Maelekezo yakarudi safu moja, Mulei akawa nyumba. Na nusu ya Theta ikawa nyumba pamoja naye, watu waliokuwa wamesajiliwa kama kanisa, daraja, na mti wa parachichi.

Maina akampigia simu Okello, msimamizi wa wachimbaji, kisha akamgeukia Mulei. "Wanarudi leo, mzee. Watapitisha mtaro kando tu ya kaburi. Keti unywe chai."

Mulei alikuwa ameshavaa kofia. "Chai? Wewe umegusa kompyuta tu, nusu ya Theta ikakauka. Sasa umetuma watu wa jembe! Si watanichimbulia bibi?"

Akamshukuru Tabby, akatoka mbio kwenda kulinda kaburi.