Pole Dada, Gauni Lipo?

...na huyu naye pole dada, Mungu awatie nguvu, halafu hata nukta hajaweka, hilo la zambarau saizi kubwa lipo? ptuu! Mokami akatema mate kando ya beseni la vyombo, simu mkono huu, sufuria la makande mkono ule, watu gani hawa jamani, miezi minne anashona magauni, anayatundika kwenye ua wa minyaa, anayapiga picha, anaposti, wanaopenda saba, na hao saba ni ndugu zake, leo, siku ya tatu tangu tata, baba yao, azikwe, watu elfu arobaini wamemtazama akilia kaburini, kisa Nchagwa, mdogo wake wa tumbo moja, mwanaume mzima mwenye watoto wawili, karekodi mazishi akayatupia kwenye ukurasa wa duka, jina la duka juu, namba ya simu chini, katikati udongo unadondokea jeneza la baba yao, kinyaa gani hiki... "Mokami, vikombe! Wageni wa Ringwani wamefika," abee mama, nakuja, simu inatetemeka tena, poleni sana wapendwa, Mwanza mnatuma? tutume nini, machozi? na Nchagwa alivyomjibu asubuhi, bila haya, anatafuna muwa, "Dada, si ulikuwa unalia huna wateja? Hao sasa," hata ng'ombe ana afadhali kuliko yeye, tata aliyeuza dume lake la ng'ombe ampatie binti cherehani, wazee wakamcheka, leo kafanywa bango, afute, aifute sasa hivi, kidole kipo pale pale pa kufutia, ngoja aione mara ya mwisho amtukane vizuri, hapa anaanguka magotini na lile gauni la zambarau aliloshona mwenyewe, shangazi Verdiana anamdaka kwapani, analia, analia kweli, Mungu anajua, halafu... hapo, kabla ya beleshi la pili, macho yake yanainuka, yanaiona simu ya Nchagwa, na mkono, mkono huu huu wenye povu, unapanda shingoni, unaiweka kola sawa... akarudisha nyuma, akatazama tena, unaiweka sawa, taratibu, kisha ndipo kilio kinaendelea, mama yangu, nani alimtuma, "Mokami we, husikii?" anasikia, anasikia sana, kidole bado kipo pale pale, hakijabonyeza, maana Nchagwa alishika simu tu, aliyeuza ni yeye.