Samaki Weupe wa Mwenye Kiwanda

Chubwi. Kisha kimya, kisha chubwi ya pili, ndogo kuliko ya kwanza.

Mama Kidoti alikuwa anamfunika mtoto shuka. Kulikuwa hakujapambazuka, na ndoo aliyotoka kuikinga bombani ilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, gizani. Alidhani ni panya, akajilaumu kwa kutoifunika. Alipowasha taa alikuta samaki wawili ndani ya ndoo wanazunguka taratibu, mmoja nyuma ya mwenzake, kama watu wanaodeki chumba kikubwa. Aliwafahamu. Mmoja alikuwa na pezi la mgongoni lililochanika. Walikuwa samaki wa kazini kwake.

Ilikuwa Jumanne, na Jumanne maji ya mtaa yalikuwa mekundu. Jumatatu yalikuwa ya buluu, Jumatano ya manjano, Alhamisi ya kijani, na Ijumaa meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Kiwanda cha kutia vitambaa rangi kilikuwa upande wa juu wa mto, pampu ya mtaa upande wa chini, na watu walikuwa wamezoea. Sare za shule zilifuliwa Jumatatu. Nguo nyeupe hakuwa nazo mtu. Fundi viatu wa nyumba ya pili alikuwa akisema kwamba katika mtaa wao mtu hana haja ya kalenda, siku anaijua amefumba macho, kwa ladha tu.

Maji yalichemshwa, yakachujwa kwa kitambaa, yakachemshwa tena, na rangi haikuondoka. Kidoti alikuwa na miaka sita. Alikuwa na vipele viwikoni, na tumbo lilimkata kila alipokunywa, kwa hiyo alikuwa amejifunza kunywa kwa kijiko, kidogo kidogo, kama anayelamba dawa. Mama yake alikuwa na mambo mengi ya kumnyima usingizi, lakini kile kijiko ndicho kilichotangulia.

Chai ilipochemka, maji ya ndoo yalikuwa maangavu hadi chini. Wale samaki, ambao hadi jana yake walikuwa weupe kama sahani, walikuwa na wekundu mwepesi mbavuni. Mama Kidoti aligeuka kuchukua kikombe, na alipogeuka tena hawakuwapo. Hakuuliza walipitia wapi. Mtu akimaliza kazi huenda zake.

Kidoti alikunywa kikombe kizima, akaomba kingine.

Kazi ya mama yake ilikuwa kutunza bwawa la bustani nyumbani kwa mwenye kiwanda. Lilikuwa bwawa la mawe, na kina chake kilimfikia mtu mzima kiunoni. Upande wa ukuta, penye kivuli, kulikuwa na mayungiyungi, na upande wa pili kulikuwa na pampu iliyokuwa ikivuta maji, ikiyapitisha kwenye sponji nne na kuyarudisha bwawani kwa mlio wa mtu anayecheka usingizini. Asubuhi ile, Mama Kidoti alipofika, samaki wale wawili walikuwa wamemtangulia, maana wao hawakusubiri basi. Walikuwa wamejilaza chini ya majani, wakifungua na kufunga mashavu kwa uchovu.

Siku ya pili walikuja wanne, nao wakaingia na kwa fundi viatu. Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa wanakuja wote ishirini na wanne. Nyumba za mtaa zilikuwa kumi na mbili, kwa hiyo walitosha, wawili wawili. Kila mmoja alishikwa na rangi ya siku aliyoanza kazi, na rangi hiyo ikamzidi kila wiki. Watu walijifunza kuacha ndoo wazi. Fundi viatu alilalamika kwamba wake huchelewa kuliko wa wengine wote.

"Labda wanasubiri umalize kukoroma, shemeji," Mama Kidoti alimwambia.

Vipele vya Kidoti vilikauka, vikabaki alama za rangi ya kahawia, kisha alama nazo zikaondoka.

Wiki moja mwenye kiwanda alikuwa na furaha, akawa anawarushia samaki mkate kila anapopita. Mkate uliozama ulioza chini. Maji yalibaki safi kwa macho, lakini yakaanza kunuka kama kitambaa cha vyombo, na samaki wakawa wanakuja juu kupiga midomo hewani. Mmoja alikufa, wa manjano, wa nyumba ya mwisho. Asubuhi iliyofuata mwenzake alikwenda kazini peke yake, akajitahidi, na watu wa nyumba ya mwisho wakanywa maji yenye rangi ya waridi. Hapo Mama Kidoti akaelewa jambo lilivyokuwa. Bwawa likiugua, mtaa unaugua.

Kuanzia siku hiyo alilitunza lile bwawa kama mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Alikuwa akisoma masomo ya jioni, na mwalimu wa sayansi, ambaye mikono ya shati lake ilikuwa na chaki hadi viwikoni, alikuwa amewafundisha kwamba uhai wa bwawa hauonekani. Uko kwenye utelezi wa mawe na kwenye uchafu wa sponji. Humo wanakaa vijidudu wema wanaokula sumu ya mavi ya samaki. Basi sponji alizisuuza moja moja, kila moja wiki yake, na kwa maji ya bwawa lenyewe tu. Maji mapya aliyaacha kwenye pipa siku mbili yatoe dawa ya bomba, ndipo akaongeza ndoo chache, kamwe si nyingi kwa mpigo. Chakula alitoa kile kinachoisha kabla hajamaliza kufagia njia. Majani makavu aliyaokota kabla hayajazama. Mkate wa mwenye kiwanda aliupokea kwa mikono miwili, akasema atawapa mwenyewe, akaupeleka kwa kuku wa jirani.

Kisha likaja agizo. Jumamosi wangekuja wageni, wanunuzi wa vitambaa kutoka mbali. Mwenye kiwanda alitaka maji kama kioo. Bwawa limwagwe lote, mawe yasuguliwe hadi yang'ae, kisha lijazwe maji mapya.

Mama Kidoti alimweleza kwamba samaki hawataishi. Alieleza pole pole, akaeleza na habari ya vijidudu. Mwenye kiwanda alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema Jumamosi saa kumi.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Alijaza madumu sita kwa maji ya zamani kabla ya kulifungulia bwawa. Alikwenda kuchukua sponji, akakuta mpishi wa nyumba ile, mwanamke mwenye roho nzuri, amezifua tatu kwa sabuni na maji ya moto na kuzianika juani.

"Nimekupunguzia, dada," mpishi alisema. "Tazama zilivyotakata. Bado hiyo moja."

Mama Kidoti alimshukuru, kwa sababu kazi ya upendo haikatazwi mbele ya mwenyewe. Ile ya nne aliitia kwenye beseni lenye maji ya bwawa, ikiwa nyeusi na inateleza vile vile. Samaki hakuwabeba. Aliinama tu, akawaambia wasirudi hadi Jumamosi. Madumu yalipelekwa na mkokoteni. Beseni alilipakata mwenyewe kwenye basi, na abiria aliyekaa naye akauliza kama mtoto amelala.

Jioni ile kila nyumba ya mtaa ilipewa maji ya bwawa kwenye beseni, na samaki wakawa wameshaingia kabla watu hawajatafuta pa kuliweka. Wazee wa nyumba walikaa wakakubaliana jambo moja. Samaki wapumzike. Hakuna atakayewatilia maji ya bomba, na kwa siku hizo mbili watu watakunywa rangi. Hakuna aliyepinga, ila fundi viatu aliyesema kwamba kwa heshima zote maji ya Ijumaa hayajawahi kumpenda.

Kidoti alikitoa kijiko chake kabatini bila kuambiwa. Alikunywa maji ya kijani, na kesho yake meusi, kidogo kidogo, amekaa chini karibu na beseni. Watoto wa mtaa walipokezana kupulizia samaki hewa kwa mirija. Kutoka nyumba hii hadi ile ulisikika mlio mmoja laini wa mapovu, kama mtaa mzima unafikiria kitu. Ijumaa usiku tumbo lilimkata Kidoti, na mama yake akamshika mgongo hadi likatulia.

Siku hiyo hiyo mchana, mwenye kiwanda alikuwa amepita bustanini.

"Samaki wako wapi?"

"Wako kwangu, bosi. Wanasubiri maji yatulie."

Mwenye kiwanda alitazama bwawa, akafikiri.

"Kwako kuna nafasi?"

"Tumebanana, lakini wametoshea."

"Saa kumi, basi," akasema, akaenda zake.

Jumamosi asubuhi maji mapya yalikuwa yamekaa bwawani siku mbili. Madumu yakarudi. Mama Kidoti aliirudisha sponji ya nne mahali pake kwenye pampu, akamimina maji ya zamani polepole, kikombe baada ya kikombe, kwa muda wa saa nzima. Alipomaliza dumu la sita samaki walikuwa chini ya mayungiyungi, wote ishirini na watatu, wanapumua vizuri. Alikaa ukingoni akalia kidogo, kisha akafuta uso, maana kulikuwa na viti vya kupanga.

Kidoti alikuwa naye, amevaa viatu vilivyoshonwa upya na fundi viatu, kwa kuwa Jumamosi hakukuwa na wa kumwachia. Aliambiwa akae kimya, akakaa kimya.

Wageni walikuja saa kumi kamili. Walizunguka bwawa wakiwa na vikombe mikononi, na maji yalikuwa kama kioo. Samaki walitoka kivulini mmoja mmoja. Kulikuwa na wa buluu kama sare mpya, wa manjano, wa kijani, weusi waliong'aa kama viatu, na mbele yao wote yule mwenye pezi lililochanika, mwekundu, mwekundu wa kumfanya mtu ashushe sauti. Mwenye kiwanda aliulizwa anawapa nini. Akacheka, akasema kila fundi ana siri yake.

Mnunuzi mkubwa alikuwa mwanamke mwenye miwani. Alimtazama yule mwekundu kwa muda mrefu.

"Nataka kitambaa cha wekundu ule," alisema. "Kingi kadiri mtakavyoweza."

Mwenye kiwanda alitoa simu pale pale, akampigia msimamizi wake. Wekundu, alimwambia, usiwe wa Jumanne peke yake. Waongeze Jumatano na Alhamisi, kuanzia wiki ijayo. Wageni wakapiga makofi. Mama Kidoti, aliyekuwa amesimama nyuma na trei, alihesabu siku tatu za wekundu kwa samaki ishirini na watatu, akaona itabidi apande mayungiyungi mengine upande wa jua, na amwombe mwalimu kitabu kinachohusu hewa ya maji.

Mwanamke mwenye miwani aliinama hadi uso wake ukawa sawa na wa Kidoti. Alimuuliza kwa upole kama anampenda yule samaki mzuri. Kidoti alimtazama mama yake, kisha akalitazama bwawa.

"Huyo mwekundu ni maji yetu ya Jumanne," akasema.