Khanga Kichwani mwa Yasmini

Kwenye video ile mwanangu yuko mgongoni kwa mwanamke, kichwa kimefunikwa khanga, kinaning'inia begani kama cha mtu aliyezimia. Vumbi limepanda. Wanawake wamemzunguka, midomo wazi, na ukiondoa sauti huwezi kujua kama wanaimba au wanalia. Khanga inateleza kidogo, paji la uso linaonekana, jekundu. Hapo video inakatika, inaanza upya.

Nimeiangalia mara nyingi mno. Mie niliishia darasa la saba, kwa hiyo mwenye kujua zaidi anisamehe nikieleza vibaya. Nawaandikia akina mama wenzangu, maana kilichoingia nyumbani kwangu hakikupiga hodi, na kwenu hakitapiga.

Tulikuwa tunamtoa mwali. Ndiyo yote yaliyotokea siku ile Gongo la Mboto, na hata sasa nikiandika hivyo najisikia kama mtu anayejitetea. Sisi watu wa Newala, hata tukihamia mjini, msichana akikua tunamweka ndani wakati wa likizo, anafundwa, na siku ya kutoka somo yake, mwanamke aliyemfunda, anambeba mgongoni. Mwali hatembei. Hainui uso, hacheki, analegea kama kichanga, kwa sababu siku hiyo ndiyo amezaliwa tena. Tunampaka mafuta ya nyonyo, na udongo mwekundu kwenye paji la uso. Yasmini alilegea vizuri mpaka bibi zake wakamsifia.

Kosa letu lilikuwa sare. Ilikuwa miezi ya kampeni, na gari la chama lilikuwa limepita mtaani likigawa khanga zenye picha ya mgombea. Kila nyumba ilikuwa nazo. Shughuli bila sare haipendezi, na sare ya bure, rangi moja, utaipata wapi tena? Mwenye wazo alikuwa Mwanakombo, somo wa Yasmini, ambaye tangu namjua ni wa upinzani. Nikamuuliza kama hata yeye ataivaa.

"Kura yangu wanaijua wenyewe," akasema. "Lakini khanga nzito kama hii mie siiachi."

Tukacheka. Tukatoka na ngoma mpaka barabarani, na msafara wa mgombea nao ukawa unapita. Vijana wenye kamera wakaruka chini, wengine wakainua simu. Tulidhani wameipenda ngoma yetu.

Jioni televisheni moja ikatuonyesha: akina mama wa Gongo la Mboto wakimlaki mgombea kwa ngoma za asili. Mwali hayumo, wamemkata kwenye picha. Tukacheka tena, tukamtania Mwanakombo kwamba amehama chama mbele ya taifa zima. Kesho yake ukurasa mmoja wa mtandaoni, wa upande wa pili, ukatoa video yake. Humo ngoma haisikiki kabisa, wameweka muziki wa huzuni, na maandishi yanasema binti amepigwa na vijana wa chama kwa kukataa kuvaa khanga yao. Hiyo khanga ndiyo aliyofunikwa nayo. Sijui kwa nini hakuna aliyeliona hilo.

Kaka yangu Mbwana ni mchonga vinyago, ana kibanda chake Mbagala. Hakuwepo kwenye shughuli, maana kumtoa mwali ni mambo ya wanawake. Yeye alituma mchele na kuku. Lakini kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Mtoto akiumwa, anaambiwa yeye hata kabla ya baba. Basi mtu akamletea ile video pale pale anapochongea. Alimtambua Yasmini kwa bangili ya mpingo, ile inayoonekana kwenye mkono unaoning'inia, kwa sababu aliichonga yeye mwenyewe. Akanipigia. Simu nilikuwa nimeiacha kwa jirani inachaji, mie nimeinama uani nasugua masufuria ya shughuli.

Hakuja kwangu. Alikwenda kwenye tawi la chama.

Pale bandani alikuwepo Mzee Adelard peke yake, anapanga viti. Vilikuwa viti vya tawi, alituazima kwa ajili ya shughuli, na asubuhi hiyo ndiyo tulikuwa tumevirudisha. Mzee mpole wa Bukoba, Yasmini humpa shikamoo kila siku akienda shule. Mbwana akamuuliza nani amempiga mtoto wake. Mzee hakuelewa anaulizwa nini, akatabasamu. Waliokuwa wanapita nje wanasema tabasamu lile ndilo lililomponza. Kaka yangu akampiga kwa mpini wa tezo yake ya kuchongea, akamvunja mkono.

Siku hiyo hiyo ile televisheni ya kwanza ikatangaza kwamba wafuasi wa upinzani wamemvamia mzee. Mbwana hajawahi kuwa na kadi ya chama chochote. Lakini mkono kweli umevunjika, nimeuona. Hapo ndipo nilipoanza kupotea. Uongo wa upande huu umezaa jambo la kweli upande ule, na lile la kweli nalo limevalishwa uongo kabla halijakauka.

Nilimpeleka Yasmini kituo cha polisi alikowekwa mjomba wake. Nilijua akimwona tu, yataisha.

"Shikamoo mjomba," Yasmini akasema.

Hakuitikia. Alimtazama kichwani. Akamwambia ageuke, akamtazama na nyuma. Kisha akasogea kwenye nondo, akaninong'oneza kwa huruma ambayo sijapata kuisikia kwake tangu tukiwa watoto.

"Dada, nani amewatisha?"

Nikamwambia hakuna. Nikamweleza khanga, ngoma, udongo mwekundu, mambo anayoyajua, mama yetu alitulea ndani yake. Akawa anaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

"Usihangaike," akasema. "Mie nimeona kwa macho yangu."

"Na huyu aliyesimama hapa," nikamuuliza, "unamwona kwa macho ya nani?"

Yasmini akaivua ile bangili polepole, akaitia mfukoni. Sijamwona akiivaa tena.

Kesi bado inaendelea. Nilikwenda kumwomba radhi Mzee Adelard, nimembebea uji. Aliupokea kwa mkono mmoja, akanywa. Nilipoaga, akaniita nirudi.

"Mama Yasmini," akasema, "niambie mie peke yangu. Vijana wetu hawakumgusa kabisa?"

Yeye aliyetuazima viti. Yeye aliyekuwa amesimama mlangoni mwa tawi akitupigia makofi tulipopita na mwali.

Uchaguzi ulikwisha, yule mgombea simsikii tena. Khanga zimebaki, tunadekia. Juzi ile video ikarudi, imetumwa kwenye kundi la wanawake wa kikoba chetu na mtu ambaye wala hatujui, kwa maandishi mapya. Nikaifungua. Nikafika pale khanga inapoteleza, nikairudisha nyuma, nikaiangalia tena.

Yasmini alikuwa uani anafua. Nikamwita, nikamkalisha chini kati ya magoti yangu.

"Mama, si umenisuka jana?"

Nikamwambia atulie. Nikafumua msuko mmoja, nikazitanua nywele, nikaangalia ngozi. Nikafumua wa pili.