Umbali wa Nyota ya Chuma

Mchana Twila Stallcup hakuwa mwongo. Alipika chakula cha watoto wa shule pale mjini, akapakua sawa kwa sawa, na mtoto aliyeuliza kama maharage yameungua aliambiwa ndiyo, yameungua, kula hivyo hivyo. Uongo wake ulikuwa wa jioni tu, tena kwa mtu mmoja, na mtu mwenyewe ndiye ambaye hakustahili kabisa kudanganywa.

Mtu huyo ni mzee Hobart Stallcup, baba mkwe wake. Au tuseme aliyekuwa baba mkwe, maana mume alishakwenda zake. Mtoto wa Hobart alimwacha Twila akahamia mji wa Tulsa kwa mwanamke muuza magari, na sisi watu wa milima hii ya Ozark, tunaopenda kuchungulia ya wenzetu, tukakaa kungoja kuona mzee ataegemea wapi. Hobart alimwambia mwanawe kwenye simu, "Wewe nenda. Huyu ni binti yangu," akakata. Tangu siku hiyo Twila alimwita baba, na hakuwa na ndugu mwingine aliyemjali hivyo.

Hobart ndiye aliyemtia bastola mkononi. Enzi zake mzee alikuwa bingwa wa nyota, na nyota yetu si ya mbinguni. Ni gurudumu lililosimama wima, lina mikono mitano, na kila mkono umebeba sahani ya chuma. Ukiipiga risasi sahani moja inaanguka, gurudumu linakosa mizani, linaanza kuzunguka. Ukiangusha ya pili ndio kwanza linapandwa na wazimu. Nimeona wanaume wazima wakiondoka pale wanamtukana fundi aliyelichomelea pamoja na ukoo wake. Hobart yeye aliziangusha polepole kama mtu anayechuma matofaa shambani kwake. Sasa mikono yake inatetemeka, kikombe cha kahawa anakishika kwa yote miwili, na bastola aliiacha mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu.

Lililobaki kwake ni kufundisha. Klabu yetu ilikuwa inataka kufungua darasa la wasichana, na waliotajwa kuwa walimu ni wawili, Hobart na Truett Maddox. Truett ana kofia kubwa na mdomo mkubwa zaidi, ingawa kulenga anajua, simnyimi haki yake. Mwenyekiti wetu, Nedra Pogue, mama asiyependa blabla, akakata shauri.

"Mechi ya wawili wawili inakuja," alisema. "Hobart, hutapiga wewe, atapiga mwanafunzi wako. Truett naye alete wake. Nyota itatuambia nani anajua kufundisha."

Mzee alilitaka darasa lile mpaka akawa haogopi kuonekana analitaka. Alikwisha kununua vikinga masikio vidogo vya rangi ya zambarau, akaviweka kabatini nyuma ya mikebe ya nyanya. Twila aliviona alipokwenda kumfanyia usafi, akafunga kabati taratibu.

Basi Hobart akamchagua Twila, akaenda nyumbani kwake, akasimamisha nyota nyuma ya nyumba, kwenye malisho, mbele ya kilima cha udongo. Akahesabu hatua mpaka karibu na seng'enge, akapigilia kigingi cheupe.

"Umbali wa mechi ndio huu, na umbali wa mazoezi ndio huu huu," alisema. "Ukisogea karibu unajifunza mchezo mwingine, mwanangu."

"Hata kidogo tu, baba, kwa kuanzia?"

"Hata kidogo. Karibu, sahani ni kubwa, unaifukuza na unaipata. Mbali haifukuziki. Mbali unaingoja. Inapanda, inapanda, inachoka. Pale inapotaka kugeuka inasimama kidogo, hapo ndipo unafyatua. Kungoja huko hakujifunzwi karibu."

Daktari alikuwa amemkataza mzee kuendesha gari jua likishazama, kwa hiyo kila jioni alipiga simu. "Umepigia wapi?" "Kigingini, baba." "Zimeanguka?" "Zote." "Haya, kula ulale."

Wiki ya kwanza ilikuwa kweli kwamba anapigia kigingini, ila si kweli kwamba zinaanguka. Risasi zilizama kilimani moja baada ya moja na nyota ikazunguka tu, keee, keee, kama inamcheka. Jioni moja, ametoka jikoni kule shuleni miguu inawaka moto, Twila alisogea mpaka kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, karibu kabisa. Pa! Pa! Pa! Pa! Pa! Zote chini. Jamani, utamu wa sauti ile! Huyu ni mwanamke aliyeambiwa na mume wake mezani, chai ikiwa bado ya moto, kwamba hatoshi. Leo kitu kizito cha chuma kinaanguka kwa sababu yeye ametaka kianguke. Alicheka peke yake malishoni, na kigingini hakurudi tena.

Siku moja kipande cha risasi kiligonga chuma kikarudi, kikamchana kidevu, kwa sababu chuma kikipigwa karibu hurudisha. Jumapili jioni, Twila alipokwenda kula kwake, mzee akakiona kidonda.

"Umefanya nini hapo?"

"Tawi la mwerezi, baba."

"Paka dawa. Uso ni uso."

Twila alijiona mchafu siku ile. Alikataa hata pai. Usiniulize basi kwa nini kesho yake alikwenda moja kwa moja birikani, maana hata yeye angekujibu nini? Alijiambia kwamba siku ya mechi mkono utajua wenyewe.

Siku ya mechi ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, majani mekundu kila mahali, na magari yamejaa mpaka barabarani. Mwanafunzi wa Truett, mpwa wake, aliangusha nyota kwa tabu lakini akaiangusha. Truett akaja anatembea kama kuku aliyetaga.

"Dada Twila, unataka nikushikie mkoba?"

"Shika mdomo wako kwanza," alisema Hobart, na watu wakaangua kicheko. Kisha mzee, ambaye sijawahi kumsikia akijisifu, alisema kwa sauti, "Huyu anapigia umbali kamili kila siku ya Mungu. Tulia uone."

Maneno yale yalimwingia Twila kama maji ya barafu. Alisimama mstarini. Nyota ilikuwa kule, ndogo, sahani zake kama vifungo vya koti. Kidude cha kupimia muda kikalia pii! Akanyanyua bastola, risasi ya kwanza ikaangusha sahani ya juu, watu wakashangilia. Nyota ikaanza kuzunguka. Twila akaifukuza. Akapiga nyuma yake, akapiga mbele yake, akaharakisha, akapiga udongo. Alibadilisha magazini ya risasi, vidole vinateleza. Sahani moja ikaanguka kwa bahati, na nyota ikapandwa na wazimu wake wote. Alisikia mtu akisema, "Maskini." Risasi zilipokwisha, sahani tatu zilikuwa bado zinabembea taratibu, hazina haraka na mtu.

Hakumtazama Hobart. Alitazama viatu vyake.

Baada ya mechi tunakula pamoja bandani, maharage na mkate wa mahindi, na hapo ndipo Nedra hutangaza mambo ya klabu. Twila alikaa kando ya mzee. Hobart alimsogezea siagi. Truett hakuweza kujizuia.

"Mzee wangu, umbali kamili wa wapi? Sebuleni?"

Banda zima likacheka. Hobart akasimama. Alishika ukingo wa meza ili mikono isionekane inatetemeka.

"Nichekeni mimi," alisema. "Umbali niliupanga mimi. Nilimwambia asogee karibu, nikidhani atapata moyo. Nilikosea. Yeye alifanya alichoambiwa, kwa hiyo msimtazame yeye."

Kijiko cha Twila kilisimama hewani. Alimjua mzee huyu. Alimjua kuwa ni mtu aliyewahi kurudi dukani mvua inanyesha kwa sababu alirudishiwa chenji nyingi. Alitaka kusema, lakini mkate ulimjaa mdomoni, na wakati ukapita.

"Kama ni hivyo, Hobart," alisema Nedra, na alisema kwa huzuni, "siwezi kukupa wasichana. Mwalimu anayewasogeza watu karibu na chuma, hapana. Darasa ni la Truett. Samahani sana."

"Sawa," alisema Hobart. Akakaa. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, na kahawa ikamwagika kidogo juu ya meza, akaifuta kwa mkono wa shati.

Ile kahawa ndiyo iliyomshinda Twila. Alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Si kweli! Alinipigilia kigingi mbali, akanikataza kusogea. Mimi nilikuwa napigia birikani. Akinipigia simu kila jioni nasema niko kigingini. Nimemdanganya kila jioni, Nedra. Kosa ni langu lote, mpeni darasa lake."

Twila alikuwa analia, uso unamwaka, lakini ndani alihisi kitu kimetua. Alidhani amemwokoa.

"Hobart," aliuliza Nedra, "ni kweli?"

Mzee alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Nimemfahamu miaka yote na sijawahi kumwona hivyo.

"Kweli," alisema.

"Basi yamekwisha. Darasa ni lako."

"Hapana."

"Hobart, acha hizo."

"Nedra, pale mstarini mtu akisema bastola yake ni tupu, tunafanya nini? Tunakwenda mbele kusimamisha sahani, na watoto wetu nyuma yetu. Tunaenda kwa neno lake. Sasa mimi nimesimama hapa, mbele yenu nyote, nikasema uongo mkavu, na mkauamini. Kesho nikiwaambia watoto wenu twendeni mbele, ni salama, waende kwa neno la nani?"

"Mzee, ni utani wa mezani tu bwana," alisema Truett, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi ndiye niliyeanza."

"Kaa chini, Truett. Darasa ni lako. Ila ukiwasogeza karibu na chuma nitakuja kukuzomea mbele yao."

Hakuna aliyecheka. Mzee akachukua kofia yake, akatoka, na watu wakampisha wakitazama sahani zao. Twila alimfuata akiwa na mikono mitupu, hata koti alilisahau. Sasa ndio alielewa alichofanya. Angenyamaza, mzee angepoteza darasa, lakini angebaki Hobart Stallcup yule yule tuliyemjua. Yeye amesimama, amejisafisha roho, na amemvua mzee nguo mbele ya kijiji kizima.

Twila aliendesha, kwa sababu jua lilikuwa linashuka. Mzee alitazama dirishani, magoti yamebanwa pamoja. Walipita kanisa, wakapita daraja.

"Baba, nisamehe."

"Wewe nilikusamehe pale pale mstarini," alisema Hobart. "Sahani ya pili tu. Nilivyoona unaifukuza nikajua huyu hajawahi kusimama kigingini. Nikasema moyoni, ni mtoto, atajifunza."

Twila alishindwa kuona barabara vizuri, akapunguza mwendo.

"Kwa hiyo huna hasira na mimi?"

"Na wewe sina." Gari lilikata kona ya kwenda nyumbani kwa mzee. "Hasira ninayo na yule mzee aliyesimama akadanganya watu. Huyo sijui nitamsamehe lini."

Twila aliona heri angemtukana. Alisimamisha gari mlangoni, akazima injini, na wote wawili wakabaki wamekaa mle ndani, hakuna aliyejua nani atangulie kushuka.