Kompyuta ya Pili Kutoka Dirishani

Katika chumba cha habari cha lile gazeti hapakuwa na kosa lililompita Mama Nukta. Mkato ukikaa pasipo pake aliuona kabla yeye mwenyewe hajakaa kitini, na waandishi wakubwa kwa wadogo walimwogopa kama watoto wanavyomwogopa mwalimu wa hesabu. Kazi yake ilikuwa kusahihisha. Jina hilo alipewa na mhariri siku aliporudisha ukurasa wa mbele dakika za mwisho kwa sababu ya nukta moja, akalikataa kwa mdomo na kulipenda kwa moyo. Basi mtu wa namna hiyo, mwenye jicho la kuona nukta, ndiye aliyeacha mlango wazi. Ukistaajabu ya Musa, subiri kwanza.

Mlango wenyewe ulikuwa hivi. Waandishi wengi wa mikoani waliandika habari zao kwa kalamu, wakazipiga picha, wakamtumia kwenye simu yake. Maandishi ya wengine yalikuwa kama nyayo za kuku, na kwenye kioo kidogo cha simu hakikusomeka kitu. Kwa hiyo aliiunganisha simu yake na kompyuta ya ofisini, ile ya pili kutoka dirishani, apate kusoma kwenye kioo kikubwa huku akipiga chapa. Kila kilichoingia kwenye simu kiliingia na huko: habari za mikoani, vichekesho vya mashemeji, na kila asubuhi salamu za shangazi yake.

Fundi wa kompyuta alikuwa akimsihi kila jioni. "Mama Nukta, ukiondoka funga hiyo kitu. Usiiache inakusubiri kama mbwa." Akabandika na karatasi ukutani: UKITOKA, TOKA KWELI. Mama Nukta aliisoma, akachukua kalamu nyekundu, akaongeza nukta mwishoni. Kutoka hakutoka. Kuingia upya kila asubuhi kulimkera, na isitoshe, nani wa kuja kusoma salamu za shangazi?

Shangazi huyo ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto wachanga katika hospitali kubwa ya mji. Wiki mbili nyuma umeme ulikatika, jenereta ikakosa mafuta, na watoto saba waliokuwa kwenye mashine hawakufika asubuhi. Waziri alisimama mbele ya vipaza sauti akasema hakufa hata mmoja. Shangazi aliisikiliza hotuba hiyo redioni amesimama, akarudi wodini, akalipiga picha daftari la zamu, ukurasa wenye mistari saba, akamtumia mwanawe wa kulea. Chini aliandika: "Uchungu umenizidi. Fanyeni mnachoweza, ila jina langu lisitajwe."

Gazeti liliichapa picha. Jumatatu asubuhi walikuja watu sita wenye barua ya mhuri. Walichomoa kompyuta zote tisa, wakazibeba nyaya zikiburuta sakafuni, na mmoja wao akabandua ukutani kikaratasi kilichokuwa juu ya birika la umeme. Kikaratasi hicho kilikuwa na paswedi ya chumba kizima, maana chumba kizima kilitumia moja, wasije wakasahau. Mhariri alipandishwa gari la peke yake. Waliobaki waliandikisha majina na namba za simu, wakaambiwa wasitoke nje ya mji. Saa sita mchana mtandao ukakatwa nchi nzima, kwa sababu za usalama, redio ilisema.

Mama Nukta alikumbuka akiwa nyumbani, ananawa mikono. Mikono ilibaki bombani, maji yakitiririka bure. Kompyuta ile ilikuwa wazi. Wangeiwasha, wangeingiza ile paswedi ya ukutani, na picha ingewakaribisha, na juu yake jina: Shangazi.

Alizifuta picha kwenye simu papo hapo, zote, na maneno yote ya wiki ile. Kisha akatoka mbio kumtafuta fundi wa kompyuta, akamkuta kwake anabadilisha balbu.

"Nimezifuta kwenye simu," alimwambia. "Kule zimefutika?"

"Kwa mtandao upi, Mama Nukta? Simu yako na ile kompyuta hazionani sasa hivi." Fundi alishuka kwenye kigoda, akamwonyesha pa kugusa kwenye simu. "Ukipata mtandao hata wa dakika moja, ingia hapa, utaona orodha ya vifaa ulivyounganisha. Unagusa jina la kompyuta, unaiondoa. Basi, kwisha. Haitawaonyesha kitu tena."

"Na wao wakipata kabla yangu?"

"Wataona kila kitu. Ila bila mtandao kompyuta haifungui ujumbe, na wao hawana. Si wamekata wote?" Alisema hivyo kwa uhakika wa fundi, na yeye akalishika neno hilo kama mtu anavyoshika ukingo wa ngazi. Yalikuwa mashindano, basi. Atakayewahi.

Alipokuwa anatoka mlangoni, fundi alimwita. "La kwanza kabisa mwambie mwenye picha. Leo. Asikusubiri wewe na mtandao wako."

"Nitamwambia."

Ni kitu gani kilichomzuia? Simu za sauti zilikuwa zinafanya kazi. Alijiambia zinasikilizwa, na huenda zilisikilizwa kweli. Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, alijiambia ataonekana. Lakini ukweli, na yeye aliujua hata akijificha chini ya shuka, ni kwamba hakuwa na uso wa kumwambia shangazi yake: nimekuacha wazi kwenye meza ya ofisi kwa uvivu wa kugusa kitufe. Angeufunga mlango huo kimyakimya na shangazi asijue kamwe. Mficha uchi hazai, alikuwa akiisahihisha methali hiyo kwenye safu ya wasomaji mara mbili kwa mwaka, na haikumsaidia.

Jumanne nzima alikuwa kiguu na njia. Alisikia kuna mtandao kwenye hoteli ya wageni. Akavaa viatu vizuri, akaketi ukumbini, akaagiza soda asiyoitaka, na simu ikazungusha kile kiduara mpaka soda ikaisha mapovu. Alisikia benki wanao. Alipanga foleni ya watu thelathini hadi kwenye dirisha ili tu asimame karibu na ukuta, na karani alipomuuliza shida yake alisema amesahau. Akasikia juu ya paa la jengo la bima kuna mawimbi yanayovuka kutoka nchi jirani. Huko alikuta watu kama ishirini wameinua simu juu kwa mikono miwili, wanazunguka polepole, hakuna anayemtazama mwenzake. Na yeye akainua yake. Mfa maji haachi kutapatapa. Alizunguka mpaka shingo ikamuuma, akashuka.

Nyumbani hapakukalika. Alipanga vikombe, akavipangua. Akasoma gazeti la zamani, asione kosa hata moja, na hilo likamtisha kuliko yote.

Jumatano alasiri mlango ukabishwa, na aliyebisha alikuwa shangazi mwenyewe, ametoka zamu, viatu vyake vyeupe amevifunga kwenye mfuko.

"Mbona umekonda kwa siku tatu?" Shangazi alimshika kidevu, akamgeuza uso kulia na kushoto kama anavyowageuza wagonjwa. "Hujala. Toa hivyo viazi, nitamenya mimi."

Walikaa jikoni. Shangazi alimenya bila kutazama kisu, ganda likishuka refu bila kukatika. Mama Nukta alisimama, akakaa, akasimama tena kuchungulia dirishani.

"Kaa chini wewe, utanipa kizunguzungu." Kisha, kwa sauti ileile, shangazi akasema, "Wifi yangu wa kule ng'ambo ya mpaka amenipigia. Anasema niende kwake wiki mbili tatu, upepo upite. Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Begi nimelifunga, lakini roho haitaki. Wodini tumebaki watatu. Nikienda mimi, nani atashika zamu yangu? Na nikitoweka wiki hii watajiuliza kwa nini. Nitakuwa nimejitaja mwenyewe."

Mama Nukta aliokota ganda la kiazi sakafuni, akalikunja.

"Ndiyo maana nimekuja, nikuulize wewe." Kisu kilitulia. "Zile picha ulizifuta?"

Neno lilikuwa mdomoni. Alilihisi kwenye ulimi, zito, lenye ladha ya shaba. Nenda, shangazi, panda hilo basi. Lakini angeulizwa kwa nini, na angejibu nini, yeye aliyesomeshwa kwa mshahara wa zamu za mwanamke huyu, aliyepata kazi, shangazi akatamba wodi nzima, "mwanangu ndiye anayesahihisha gazeti, hapitwi na kitu"? Aliona aibu. Aliona aibu kuliko alivyoona hofu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Nilizifuta," alisema.

"Zote?"

"Zote, shangazi. Jumatatu ileile."

Shangazi alishusha pumzi ndefu, akachukua kiazi kingine. "Haya, nimepona. Nitalifungua begi." Kisha akacheka. "Mimi nilishajua. Jicho lako hilo! Wifi ana woga kama kuku wa jirani."

Walikula. Shangazi alimsimulia habari za mtoto mmoja wa wodini aliyezaliwa na kilo moja na robo na sasa anapiga kelele kuwashinda wote. Mama Nukta aliitikia pale palipohitaji kuitikiwa. Alimsindikiza hadi barabarani, na alipokuwa anarudi alikuwa na hesabu moja tu kichwani: bado nina nafasi, hawana mtandao, nitawahi.

Alhamisi saa nne kamili asubuhi simu ilitetemeka mezani, ikatetemeka tena, kisha ikashindwa kunyamaza. Mtandao umerudi. Nje watu walipiga vigelegele kama timu imefunga bao. Yeye alikwisha kuingia kwenye orodha kabla kigelegele cha kwanza hakijaisha, na hapo palikuwa na kifaa kimoja tu: kompyuta ya ofisi. Akagusa. Simu ikamuuliza kama ana uhakika. Alikuwa na uhakika kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Akagusa ndiyo, na jina likatoweka. Akaketi sakafuni, akacheka peke yake, machozi yakimtoka.

Kisha kitu kikamrudia. Chini ya jina la kompyuta palikuwa na mstari mdogo wa kijivu. Alikuwa ameuona, macho yake hayajui kutokuona. Ulisema: kilitumika mara ya mwisho leo, saa moja na dakika hamsini na mbili asubuhi.

Alirudia kuuhesabu mara tatu. Mtandao ulirudi saa nne. Saa moja na dakika hamsini na mbili hakuna mtu nchini aliyekuwa nao, isipokuwa hao waliouzima. Hao hawakuwa wamejizimia wenyewe. Tangu Jumatatu mchana, hata Jumanne alipokuwa juu ya paa anainua simu mbinguni, wao walikuwa wameketi kitini wanasoma. Alikuwa anashindana mbio na watu waliokwisha kufika.

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakata. Basi la saa kumi na mbili lilikuwa limeondoka saa nne zilizopita, na kiti kimoja kikiwa wazi. Alikimbia na kandambili za nyumbani, dakika arobaini akaziminya zikawa ishirini na tano, akaingia hospitali akitweta, akapita mapokezi bila kujibu alipoitwa, akapanda ngazi hadi ghorofa ya pili.

Kwenye ukumbi wa wodi ya watoto wachanga wauguzi wawili walikuwa wamesimama ukutani. Mlango wa ofisi ya muuguzi mkuu ukafunguliwa. Wakatoka wanaume wawili wa makoti, na katikati yao shangazi, amevaa sare, mkoba begani, viatu vyeupe miguuni.

Shangazi alimwona. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Alimtazama kama anavyomtazama jamaa yeyote wa mgonjwa aliyepotea ukumbini, akasema kwa sauti ya kazi, "Dada, saa za kutazama wagonjwa bado. Rudi nyumbani, utakuja jioni."

Mama Nukta alielewa. Alikuwa anafichwa. Shangazi yake, kati ya watu wale wawili, alikuwa bado anatafuta namna ya kumtoa yeye salama.

Mmoja wa wanaume wale, mfupi, akatabasamu, wala si kwa ubaya. "Mama, usijisumbue. Huyu tunamjua. Si ndiye anayekuamkia kila siku? 'Shangazi yangu, umeamkaje, mgongo unaendeleaje.' Tumesoma zote. Na ile picha tumeiona pamoja na maneno yako, vyote viko pale kwenye kompyuta yake ya ofisini." Akamgeukia Mama Nukta. "Na wewe usiende mbali. Tutakuita."

Ndani mtoto mmoja alikuwa anapiga kelele kuwashinda wote. Shangazi alisimama. Watu wale nao wakasimama, wakampa nafasi kidogo. Alimtazama mwanawe kuanzia kandambili hadi usoni, bila hasira, kama mtu anayesoma mstari asiouelewa na kurudi mwanzo.

"Si ulisema umezifuta?" aliuliza.

"Nilizifuta kwenye simu," alisema Mama Nukta.